Maji maangavu si maji tayari: Kwa nini tangi jipya la samaki lihitaji majuma kadhaa ya kungojea

Katika kaunti za Kitui na Makueni, maji hayamwagwi ovyo. Hutekwa mbali, hubebwa na punda, hununuliwa kwa mtungi na kuhesabiwa kama fedha. Ndiyo maana mkulima aliyefaulu kulijaza tangi lake la kufugia samaki huiona siku hiyo kuwa mwisho wa kazi ngumu. Maji yametulia, ni maangavu hadi sakafuni, na vifaranga wa samaki wamekwisha kulipiwa. Kilichosalia, kwa maoni yake, ni kuwatia majini na kuanza kuwalisha.

Siku chache baadaye, samaki wale wale waliokuwa wakikigombea chakula huanza kukikataa. Hupanda juu ya maji wakitweta, mashavu yakifunguka na kufunga upesi upesi. Asubuhi inayofuata wachache huonekana wakielea ubavu. Mkulima hushuku chakula, kisha humshuku aliyemuuzia vifaranga, na wakati mwingine humshuku jirani. Ni nadra kwake kuyashuku maji, kwa kuwa yangali maangavu kama siku ya kwanza.

Hata hivyo, mara nyingi kosa limo humo humo majini. Hayakuwa machafu wala hayakuwa na sumu yalipoingia. Yalikuwa mapya mno. Tangi jipya halina viumbe wadogo ambao kazi yao ni kuigeuza taka ya samaki kuwa kitu kisichodhuru, na viumbe hao hawapatikani kwa siku moja. Huhitaji majuma manne hadi sita, na pengine zaidi maji yakiwa ya chumvi. Kazi ya kuwangojea na kuwalea ndiyo inayoitwa hapa kuyapevusha maji.

Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyoendeshwa, na kwa nini ina uzito wa pekee katika nchi kavu ya Ukambani.

Kidimbwi cha udongo na tangi la plastiki

Ufugaji wa samaki ulipata msukumo mkubwa nchini Kenya mnamo 2009, serikali ilipoanzisha mpango wa kufufua uchumi. Awamu ya kwanza ililenga maeneobunge 140, kila moja likitengewa vidimbwi 200. Kidimbwi kimoja kilikuwa na ukubwa wa mita 300 za mraba na kilikusudiwa kutiwa vifaranga 1,000. Tangu mwaka 2013, majukumu mengi ya kuwahudumia wafugaji wa samaki yamekuwa mikononi mwa serikali za kaunti, kulingana na Katiba ya 2010.

Kipimo hicho cha mita 300 kinafaa pale mito inapotiririka mwaka mzima. Katika nchi kavu hesabu yake ni nzito. Kidimbwi cha ukubwa huo chenye kina cha mita moja huhitaji lita 300,000 za maji, yaani mitungi 15,000 ya lita 20. Isitoshe, udongo wa kichanga huyanywa maji usiku na mchana, nalo jua huyakausha kutoka juu. Kwa sababu hiyo mfugaji wa sehemu kavu hulazimika kutafuta njia nyingine: kidimbwi kidogo kilichotandikwa karatasi nzito ya plastiki, tangi la saruji, au tangi la plastiki lililokatwa juu.

Njia hizo huokoa maji, lakini huja na deni ambalo wengi hawalitambui. Kidimbwi cha udongo huzaliwa na utajiri wake. Matope ya chini yana mabilioni ya bakteria tangu siku ya kwanza, na jua likiwaka mwani huota na kuyafanya maji kuwa ya kijani. Bakteria hao na mwani huo huanza kula taka za samaki mara moja. Karatasi ya plastiki, saruji na ukuta wa tangi havina kitu. Ni vitupu kama kioo kilichotoka dukani.

Kwa maneno mengine, mkulima mwenye tangi jipya huko Mutomo au Kibwezi yumo katika hali ile ile ya mtu anayeweka samaki wa bahari katika tangi la vioo sebuleni, awe Mombasa, Nairobi au London. Wafugaji hao wa mapambo walikwisha kulijua jambo hili kwa gharama kubwa, kwani samaki wa miamba ni ghali na ni mwepesi kufa. Miongoni mwao, kutia samaki katika tangi ambalo halijapevuka huhesabiwa kuwa kosa la mwanafunzi. Somo lao lamfaa mkulima pia.

Taka isiyoonekana

Samaki hula protini, hujenga mwili kwa sehemu yake, na sehemu nyingine huitoa kama amonia. Sehemu kubwa ya amonia hiyo hupitia mashavuni, wala si pamoja na choo. Chakula kilichobaki bila kuliwa nacho huoza na kuongeza amonia ile ile. Haina rangi, na katika viwango vinavyoua samaki mwanadamu huenda asiinuse. Hii ndiyo sababu maji yanaweza kubaki maangavu huku yakiua.

Hebu tuchukue mfano. Tangi la lita 10,000 ni sawa na mitungi 500. Tuseme samaki waliomo wanapewa nusu kilo ya chakula kwa siku, chenye protini asilimia 30. Chakula hicho hutoa takriban gramu 14 za amonia kila siku, yaani miligramu 1.4 katika kila lita ya maji. Pasipo kitu cha kuiondoa, baada ya juma moja kila lita itakuwa na karibu miligramu 10.

Je, kiasi hicho kinaua? Jibu linategemea aina ya maji yenyewe, na hapa ndipo Ukambani inapotofautiana na sehemu nyingi.

Amonia iliyomo majini huwa katika hali mbili. Hali moja haina madhara makubwa kwa samaki. Hali ya pili ni sumu kali, kwa kuwa hupenya mashavu kwa urahisi na kuingia katika damu. Kinachoamua mgawanyo baina ya hali hizo mbili ni joto pamoja na kipimo cha pH, yaani kipimo kinachoonyesha iwapo maji yameegemea upande wa asidi au wa alkali. Katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi, maji yenye pH 7 huwa na sumu hiyo kwa kiasi kisichofika asilimia 1 ya amonia yote. Katika pH 8 kiasi hicho hupanda hadi asilimia 5. Katika pH 8.5 hufika asilimia 15, na katika pH 9 hupita theluthi moja. Joto likizidi, sumu nayo huzidi.

Tukirudi kwenye tangi letu la mfano, miligramu 10 za amonia katika pH 7 zitatoa sumu ya takriban miligramu 0.06 kwa lita, kiasi ambacho tilapia huweza kukistahimili. Katika pH 8 sumu hiyo itakuwa nusu miligramu. Katika pH 8.5 itakuwa miligramu moja na nusu. Kwa tilapia, hamu ya chakula huweza kuanza kupungua kwenye miligramu 0.08, na vifo huweza kuanza kwenye miligramu 0.2 iwapo samaki watakaa humo kwa muda mrefu.

Maji ya visima vingi vilivyochimbwa kwa mashine katika Kitui na Makueni ni mazito na yana ladha ya chumvi, na maji ya namna hiyo mara nyingi huegemea upande wa alkali. Sabuni haitoi povu upesi, na sufuria ya chai huachwa na ukoko mweupe. Maji ya bahari nayo yana pH ya takriban 8.1. Ndiyo maana mfugaji wa samaki wa bahari na mkulima wa kisima cha chumvi wanakabiliwa na hatari moja: kiasi kile kile cha taka ambacho kingevumilika katika maji mepesi ya mto huwa kikali zaidi katika maji yao.

Wafanyakazi wasioonekana

Dawa ya amonia ilipatikana zamani, ingawa haikutafutwa kwa ajili ya samaki. Mwaka 1877, wataalamu wawili wa Ufaransa, Jean-Jacques Schloesing na Achille Müntz, walipitisha maji taka polepole katika bomba la kioo lililojazwa mchanga na unga wa mawe ya chokaa. Kwa siku 20 hivi amonia ilitoka chini kama ilivyoingia juu. Kisha, bila kuongezwa kitu, ilianza kugeuka na kutoka ikiwa nitrati. Walipotia mvuke wa klorofomu, ambao huua viumbe hai, mageuzi yalikoma. Walipotia maji yaliyochanganywa na udongo wa bustani, mageuzi yalirejea. Ikawa wazi kwamba kazi hiyo ilifanywa na viumbe hai waliohitaji muda wa kuzaana.

Karibu mwaka 1890 Mrusi Sergei Winogradsky aliwatenga bakteria hao na kuonyesha kwamba wapo wa makundi mawili. Kundi la kwanza huila amonia na kutoa nitriti. Kundi la pili huila nitriti na kutoa nitrati. Picha hiyo ilikubalika kwa zaidi ya miaka 120. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba wapo pia bakteria wanaoifanya kazi yote peke yao tangu mwanzo hadi mwisho. Baadhi yao walipatikana Uholanzi katika chujio la maji ya kufugia samaki.

Kwa mfugaji, jambo la kukumbuka ni kwamba bakteria hawa ni wakawivu. Wakati bakteria wa kawaida wanaweza kuongezeka maradufu kwa dakika 20 au 30, hawa huchukua saa nyingi, na mara nyingi hukaribia siku nzima au kupita. Hupenda kujishikiza kwenye kitu kigumu: kokoto, mchanga, kuta, vipande vya plastiki. Huhitaji oksijeni nyingi. Maji yenyewe hubeba wachache tu, kwa hiyo ukimwaga maji na kubakiza kokoto zikiwa na unyevu, umebaki na sehemu kubwa ya jeshi lako. Ukiosha kokoto kwa maji ya mfereji yenye klorini, umeliua.

Mkazi wa Ukambani aliyekua akiteka maji katika visima vya mchanga vya mito ya msimu hatashangazwa na habari ya mchanga kusafisha maji. Tofauti ni kwamba mchanga wa mto umekuwa na miaka mingi ya kujaa uhai. Mchanga au kokoto mpya katika tangi jipya haujapata hata siku moja.

Hatua za kuyapevusha maji

Kazi huanza kabla ya maji kuingia. Tangi jipya la saruji hutoa chokaa kali ambayo huweza kupandisha pH kupita 10, kiwango kinachoua samaki na kuwadumaza bakteria. Sharti lijazwe maji, liachwe siku kadhaa, limwagwe, na jambo hilo lirudiwe mpaka pH ishuke. Maji hayo ya kusuuzia yasimwagwe bure. Yanafaa kwa kazi za ujenzi. Anayetumia maji ya mfereji kutoka mjini ayaache wazi siku moja au mbili, yakikorogwa au kupuliziwa hewa, ili klorini itoke.

Pili, tangi liwe na makao ya bakteria. Pipa au ndoo kubwa iliyojaa kokoto zilizooshwa, au hata vifuniko vya plastiki vya chupa, hutosha kuwa chujio la mfugaji mdogo. Maji huvutwa kutoka tangini kwa pampu ndogo, hupitia katika kokoto hizo na kurudi. Pampu inayotumia nguvu za jua hufaa mchana, lakini bakteria na samaki huhitaji oksijeni usiku pia, kwa hiyo betri ni sehemu ya lazima ya mpango huo.

Tatu, bakteria walishwe kabla ya samaki kuwapo. Jambo hili huwashangaza wengi: tangi tupu linapewa chakula. Konzi ndogo ya chakula cha samaki ikitiwa kila baada ya siku mbili au tatu huoza na kutoa amonia. Bila amonia hakuna bakteria watakaokua, hata maji yakikaa mwaka mzima. Kuyaacha maji yatulie tu mwezi mmoja si kuyapevusha.

Nne, pasipo hofu ya magonjwa, mbegu iletwe. Kokoto chache kutoka katika tangi la jirani ambalo limekuwa na samaki wazima kwa miezi mingi huweza kupunguza muda wa kungojea. Zisafirishwe zikiwa na unyevu, wala zisianikwe juani. Iwapo samaki wa jirani wamewahi kuugua, ni heri kukosa mbegu kuliko kuleta maradhi. Tahadhari nyingine ni kuhusu chumvi: bakteria waliozoea maji matamu hudhoofika wakitiwa ghafla katika maji ya chumvi. Mbegu nzuri ni ile inayotoka katika maji yanayofanana na yako.

Tano, mfugaji apime. Vipo vifaa vya kupimia vinavyotumia matone machache ya dawa katika kijichupa cha maji, na rangi inayotokea hulinganishwa na kadi. Mambo matatu hupimwa: amonia, nitriti na pH. Mwanzoni amonia hupanda peke yake. Katika juma la pili au la tatu huanza kushuka, na nitriti ndiyo hupanda. Wengi hudanganyika hapa. Wakiona amonia imetoweka hukimbilia vifaranga, kumbe wamefika nusu ya safari. Nitriti nayo ni hatari, kwani huingia katika damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, damu ikawa na rangi ya kahawia. Samaki hutweta hata maji yakiwa na hewa tele.

Safari hukamilika nitriti pia inaposhuka. Mtihani wa mwisho ni huu: tia amonia ya kiasi kile ambacho samaki wako watakitoa kwa siku, kisha pima baada ya saa 24. Iwapo amonia na nitriti zote zimekwisha, tangi limepevuka. Katika joto la nyuzi 25 hadi 28 hatua hiyo hufikiwa kwa kawaida baada ya majuma manne hadi sita. Katika baridi ya Julai kazi huchelewa.

Maji ya mvua na maji ya kisima

Wakulima wengi wa Kitui na Makueni wana aina mbili za maji: ya mvua yaliyovunwa kutoka paani, na ya kisima. Kila moja ina fadhila yake na kasoro yake.

Maji ya mvua ni mepesi na hayana chumvi, na amonia humo si kali sana. Kasoro yake ni kwamba hayana madini ya kuzuia asidi. Bakteria wanapoigeuza amonia hutoa asidi, na kila gramu moja ya amonia humaliza takriban gramu saba za madini hayo ya chokaa. Katika maji ya mvua pekee, akiba hiyo huisha upesi, pH huanguka, na bakteria huacha kazi. Mfugaji huona amonia ikirudi bila sababu inayoonekana.

Maji ya kisima ni kinyume chake. Yana madini tele, kwa hiyo bakteria hawapungukiwi, lakini pH yake huifanya amonia kuwa kali. Kuyachanganya mara nyingi huleta maji bora kuliko kila moja peke yake. Ambaye ana maji ya mvua tu anaweza kuweka mawe ya chokaa yaliyovunjwavunjwa ndani ya chujio. Kitui Kusini ina hazina kubwa ya mawe hayo. Asitumie chokaa kali ya ujenzi, kwa kuwa hupandisha pH kwa ghafla.

Chumvi yenyewe si adui wakati wote. Sehemu ya chumvi inayoitwa kloridi hushindana na nitriti kwenye mashavu ya samaki na kuizuia kuingia katika damu. Aidha, tilapia ni samaki mstahimilivu. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na tilapia wa Nile hukua vyema katika maji yenye chumvi kidogo, chini sana ya kiwango hicho. Kisima ambacho maji yake yamemshinda mtu kunywa, lakini mbuzi bado wanayanywa, huenda kikamfaa tilapia. Zaidi ya hayo, mto Athi, ambao kwa masafa marefu ni mpaka wa Kitui na Makueni, ni makao ya aina ya tilapia iitwayo Oreochromis spilurus, ambayo huweza kuzoeshwa hata maji ya bahari.

Tatizo huwa pale kifaranga anapohamishwa ghafla. Vifaranga waliolelewa katika maji matamu, kama ya kituo cha Sagana katika Kaunti ya Kirinyaga, wasimwagwe moja kwa moja katika maji ya kisima cha chumvi. Mfuko uelezwe juu ya maji ya tangi dakika 15 au 20 ili joto lilingane, kisha maji ya tangi yaongezwe ndani yake kidogo kidogo. Tofauti ya chumvi ikiwa kubwa, zoezi hilo lifanywe kwa siku kadhaa katika chombo cha kando.

Hesabu ya subira

Mkulima anaweza kuuliza: kwa nini asitie samaki mapema na kubadilisha maji kila amonia inapozidi? Jambo hilo linawezekana kwa mwenye mto mlangoni. Katika tangi letu la lita 10,000, kubadilisha theluthi moja tu ya maji kwa siku ni kutafuta lita zaidi ya 3,300, yaani mitungi zaidi ya 160 kila siku, kwa majuma yote ambayo bakteria wangali wanazaana. Juma moja la namna hiyo humaliza maji mengi kuliko yaliyolijaza tangi lenyewe mara mbili. Kwa anayenunua maji, gharama hiyo humeza faida yote ya samaki kabla hajavua hata mmoja.

Kungojea, kwa upande mwingine, hakudai maji zaidi ya yale yanayokauka. Ndiyo sababu kuyapevusha maji si anasa ya wenye matangi ya mapambo. Ni njia ya kubana matumizi ya maji, na inamfaa zaidi yule ambaye maji ni haba kwake.

Hata baada ya tangi kupevuka, haraka inaweza kuliharibu. Idadi ya bakteria hulingana na chakula wanachopata. Tangi lililozoea konzi moja ya chakula haliwezi kubeba ghafla taka za samaki 500. Ni vyema theluthi ya vifaranga itangulie, wengine wafuate baada ya juma moja au mawili, vipimo vikiendelea kuchukuliwa. Kwa upande mwingine, tangi lililopevuka likiachwa majuma mengi bila samaki wala chakula, bakteria hupungua kwa njaa.

Kwa wenye vidimbwi vya udongo, kanuni ni ile ile kwa njia nyepesi. Kidimbwi hutiwa samadi iliyokauka kwa kipimo, kisha hungojewa siku saba hadi kumi mpaka maji yawe ya kijani. Kipimo cha mkono hutosha: tumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko. Ikiwa kiganja hakionekani vizuri, mwani umekwisha kuota na vifaranga wanaweza kuingia. Ikiwa vidole vyote vinaonekana wazi, subiri. Ikiwa mkono hupotea kabla ya kufika nusu, mwani umezidi na utawanyima samaki oksijeni alfajiri.

Msimu nao una neno. Ukambani, mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi kuliko zile za Machi hadi Mei. Anayejaza tangi lake Novemba na kuanza kulilisha mara moja atakuwa na maji yaliyopevuka mwanzoni mwa Januari, joto likiwa zuri kwa ukuaji. Anayengoja vifaranga wafike ndipo atafute maji atajikuta akipevusha tangi huku samaki wamo ndani, kiangazi kikibisha hodi.

Nitrati, ambayo ndiyo mwisho wa safari nzima, haina madhara makubwa kwa tilapia katika viwango vya kawaida. Tena ni mbolea. Maji machache yanayotolewa chini ya tangi pamoja na mashapo hunywesha sukuma wiki na nyanya, na shamba hupokea kile ambacho samaki hawakihitaji. Mkulima aliyezoea maji mepesi ya mvua atayafurahia hasa. Mwenye kisima cha chumvi nyingi achunguze kwanza iwapo mboga zake zinayastahimili.

Wahenga walinena kuwa mvumilivu hula mbivu. Kwa mfugaji wa samaki wa Kitui na Makueni, kinachopaswa kuiva kwanza ni maji. Kabla ya kulipia vifaranga, na apime amonia na nitriti katika tangi lake. Ikiwa moja kati ya hizo ingalimo, siku ya kuagiza samaki bado haijafika.